Diepsloot: Mzigo usioonekana wa mwanafunzi na mwalimu

Katika mtaa wa Diepsloot, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, mwanafunzi na mwalimu huingia darasani kila mmoja akiwa na mzigo wake moyoni. Makala yetu wiki hii inaeleza mzigo huo ni upi, unavyofanya kazi ndani ya nafsi ya binadamu, na nini kinaweza kuupunguza.

 Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa maradhi ya mwili: homa, kifua kikuu, ukimwi. Leo tuitumie kwa maradhi ya nafsi, ambayo wengi wetu bado tunayaonea haya hata kuyataja kwa majina yake.

Tuanze kwa mfano. Mvulana wa miaka 13 ameketi safu ya nyuma darasani. Usiku uliopita alilala saa tatu tu, kwa sababu nyuma ya ukuta wa mabati wa kibanda chao palikuwa na ugomvi, kisha mayowe, kisha kimya ambacho kilimtisha kuliko mayowe yenyewe. Mwalimu anamuuliza swali. Mvulana anatazama chini, hajibu. Mwalimu, ambaye ameamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri na ana madaftari ya darasa zima ya kusahihisha, anakiona kimya kile kuwa ni kiburi. Anamkemea. Mvulana anainuka, anapiga teke kiti na kutoka nje.

Hawa si watu halisi, msikilizaji. Ni mfano tu, lakini mwalimu yeyote anayetusikiliza, awe Tandale, Kibera, Goma au Johannesburg, atautambua. Watu wawili waliochoka wamesomana vibaya. Na katika kusomana vibaya huko, mara nyingi ndipo safari ya mtoto shuleni inapokatika.

Mtaa uliozaliwa kwa kuhamishwa

Jina Diepsloot ni la Kiafrikana, na maana yake ni mtaro wenye kina kirefu. Mtaa huo ulianza katikati ya miaka ya 1990, mara tu baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, kama kituo cha muda cha watu walioondolewa Zevenfontein, kaskazini mwa Johannesburg. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, familia zilizokuwa zikiishi kandokando ya mto Jukskei katika mtaa wa Alexandra nazo zikahamishiwa huko. Kituo cha muda kikawa mji. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi zaidi ya 138,000, na tangu hapo watu wameendelea kumiminika: kutoka Limpopo na majimbo mengine ya Afrika Kusini, na kutoka Zimbabwe, Msumbiji na Malawi.

Kuna nyumba za matofali zilizojengwa na serikali, na kuna maelfu ya vibanda vya mabati vilivyosongamana, ambako familia kadhaa hutumia bomba moja la maji na choo kimoja. Si mbali na hapo yapo makazi ya kifahari ya Dainfern na Steyn City, yenye kuta ndefu na viwanja vya gofu. Mtoto wa Diepsloot huziona kuta hizo kila anapopita barabara kuu. Umaskini wake hauji peke yake, huja pamoja na kipimo cha kuupimia.

Mtaa huo umepitia matukio ambayo yaliitikisa nchi nzima. Mwezi Mei mwaka 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra yalifika Diepsloot katika muda wa siku chache. Kwa Afrika Kusini yote, watu 62 waliuawa. Oktoba mwaka 2013, watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa miaka mitatu, walikutwa wameuawa ndani ya choo cha umma. Na Aprili mwaka 2022, baada ya maandamano ya kulalamikia uhalifu, kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba likidai vitambulisho, na baba mmoja raia wa Zimbabwe akauawa.

Mambo hayo hutangazwa kwa siku mbili tatu, kisha waandishi wa habari tunaondoka. Watoto wanabaki, na Jumatatu wanakwenda shule.

Kengele isiyozimika

Wataalamu wa saikolojia wanatufundisha kwamba binadamu ameumbwa na kengele ya hatari. Akiona nyoka, moyo humdunda, damu hukimbilia misulini, na homoni za adrenalini na kotisoli humwagika mwilini. Anapigana, anakimbia, au anaganda kama jiwe. Nyoka akiondoka, kengele huzimika na mwili hurejea katika utulivu.

Tatizo huanza pale nyoka asipoondoka. Mtoto anayeishi karibu na ukatili wa mara kwa mara hubaki na kengele inayolia mchana na usiku. Hapati usingizi wa kutosha. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Masikio yake husikiliza hatua za nje badala ya somo la hesabu. Sehemu ya ubongo inayohusika na kupanga, kukumbuka na kujizuia hulemewa. Ndiyo maana mtoto mwenye kiwewe huweza kuonekana mtundu, mvivu au mzito wa kuelewa, ilhali nafsi yake inafanya kazi moja kubwa: kumlinda.

Mwaka 1998, madaktari wa Marekani Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 9,000, wakiwauliza juu ya mateso waliyoyapata utotoni: kupigwa, kudhalilishwa, kuishi na mzazi mlevi au kumshuhudia mama akipigwa. Waligundua kwamba kadiri mateso hayo yalivyokuwa mengi, ndivyo hatari ya sonona, ulevi na jaribio la kujiua ilivyoongezeka ukubwani. Hata magonjwa ya moyo yaliongezeka. Jambo moja lilijitokeza waziwazi, nalo ni kwamba mateso hujumlishana.

Diepsloot penyewe ina ushahidi wake. Mwaka 2016, shirika la Sonke Gentle Justice na watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walitoa matokeo ya mahojiano na wanaume zaidi ya 2,000 wa mtaa huo, wenye umri wa kati ya miaka 18 na 40. Asilimia 56 walikiri kwamba katika miezi 12 iliyotangulia walikuwa wamempiga au kumbaka mwanamke. Waliotendewa ukatili wakiwa watoto walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wakatili wao wenyewe. Uchambuzi uliofuata ulionyesha pia njia inayoanzia kwenye njaa ndani ya nyumba, ikipita katika afya ya akili iliyodhoofika, hadi kufikia kipigo.

Hilo halimwondolei mtu mzima hatia ya alichokitenda. Lakini linatuonyesha kwamba mvulana yule wa safu ya nyuma amesimama njia panda, na kwamba shule ni miongoni mwa mahali pachache anapoweza kuonyeshwa njia nyingine.

Imani ya kwamba ninaweza

Jambo la pili linalojenga au kubomoa afya ya akili ya mwanafunzi ni imani yake juu ya uwezo wake. Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza hilo mwaka 1977. Alisema kwamba mtu hujaribu jambo, na huvumilia ugumu wake, kwa kadiri anavyoamini kuwa analiweza. Imani hiyo haitokani na sifa za bure. Hutokana hasa na kufanikiwa katika mambo madogo, na kuwaona watu wa aina yake wakifanikiwa.

Sasa tutazame kinachomkuta mtoto katika shule nyingi za mitaa ya Afrika Kusini. Madarasa matatu ya mwanzo husoma kwa lugha ya nyumbani, iwe Kizulu, Kisotho, Kitsonga au nyingineyo. Kwa miaka mingi, kuanzia darasa la nne masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza, ingawa mwaka 2025 serikali ilianza kupanua matumizi ya lugha za Kiafrika kuvuka mpaka huo. Utafiti wa kimataifa wa kusoma wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa la nne nchini humo hawakuweza kusoma maandishi na kuyaelewa, kwa lugha yoyote waliyopimwa.

Msikilizaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa zaidi. Anamjua mwanafunzi aliyekuwa hodari wa kujibu maswali darasa la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na ghafla akawa bubu kwa Kiingereza. Akili yake ni ileile, ila mtoto mwenyewe hulipokea kama hukumu: kumbe mimi si mtu wa kusoma.

Mwaka 1967, Wamarekani Martin Seligman na Steven Maier waliona kwamba mnyama aliyepata maumivu asiyoweza kuyazuia hukata tamaa, na hajaribu kukimbia hata mlango ukifunguliwa. Waliiita hali hiyo unyonge uliofunzwa. Lakini mwaka 2016, karibu miaka 50 baadaye, wataalamu haohao waliisahihisha nadharia yao. Walisema kwamba unyonge haufunzwi. Unyonge ndiyo hali ya asili ya mwili unapozidiwa na maumivu ya muda mrefu. Kinachofunzwa ni kinyume chake: kujua kwamba tendo langu linaweza kubadilisha jambo.

Kwa mwalimu, sahihisho hilo ni la thamani kubwa. Kazi yake haiishii katika kumwondolea mtoto uvivu. Ni kumpa, siku hadi siku, ushahidi mdogo mdogo kwamba jitihada yake inazaa kitu.

Mimi ni wa hapa

Jambo la tatu ni hisia ya kuwa sehemu ya kundi, ya kwamba mtu anafahamika kwa jina na kukosekana kwake kunaonekana. Kijana asiye na hisia hiyo shuleni huitafuta kwingine, na mitaani hakukosekani makundi ya kumpokea.

Kwa watoto wa wahamiaji, jambo hili ni jeraha la kila siku. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wa Zimbabwe au Kongo hujifunza mapema kupima lafudhi yake kabla ya kufungua kinywa. Wengine walikuwa wakizuiwa hata kuandikishwa kwa kukosa vyeti vya kuzaliwa, hadi Desemba mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Makhanda ilipoamua kwamba shule haiwezi kumfukuza wala kumkataa mtoto kwa kukosa hati. Hukumu ilimfungulia mtoto lango la shule. Haikuweza kuwaamrisha wenzake wampe nafasi kwenye benchi. Hilo hubaki mikononi mwa mwalimu.

Mwalimu naye ni mtu

Tumezungumza juu ya mwanafunzi. Sasa tumgeukie anayesimama mbele yake na chaki mkononi.

Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, akifanya kazi katika kliniki ya kujitolea mjini New York, aliona wenzake wenye moyo wa kusaidia watu wakizimika kidogo kidogo kama mshumaa uliofika mwisho. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuja kuipambanua hali hiyo katika sehemu tatu. Kwanza, kuishiwa nguvu za moyo: mtu hana tena cha kutoa. Pili, kuwa baridi kwa watu anaowahudumia: wanafunzi wanageuka kuwa namba, au kero. Tatu, kuhisi kwamba kazi yake haina matunda. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka hali hiyo katika orodha yake ya kimataifa, kama jambo linalotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vyema, na si kama ugonjwa.

Nini huileta? Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi nyingi peke yake haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kazi nyingi pamoja na uwezo mdogo wa kuamua. Mtazame mwalimu wa mtaa kama Diepsloot. Darasa limefurika. Mtaala una ratiba ambayo hana ruhusa ya kuipunguza. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari hutangazwa nchini kote, na aibu ya kushindwa humwangukia yeye. Anadaiwa mengi, anaamua machache.

Juu ya hayo kuna mzigo wa kusikiliza. Mtoto akibakwa, akifiwa au akilala njaa, mara nyingi mtu mzima wa kwanza kuambiwa ni mwalimu. Maumivu ya mwingine yakisikilizwa mara nyingi bila msaada humwingia msikilizaji mwenyewe. Mwalimu huanza kuota ndoto za mambo yasiyomkuta yeye. Wengine hujikinga kwa kuweka ukuta moyoni, na ukuta huo ndio mwanafunzi anaouona na kuuita ukali.

Afrika Kusini ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 1996. Sheria hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, walimu wengi waliokulia chini ya fimbo waliondolewa chombo walichokijua, bila kufundishwa vya kutosha chombo kingine cha kuongoza darasa. Palipokosekana mbinu, fimbo ilirudi kwa mlango wa nyuma, au mwalimu alibaki akihisi hana nguvu mbele ya vijana wanaomzidi kimo.

Hali za watu hao wawili, mwalimu na mwanafunzi, zimefungamana. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada walipima homoni ya kotisoli kwenye mate ya mamia ya wanafunzi wa shule za msingi. Katika madarasa ambayo walimu wake walieleza kuwa wameishiwa nguvu, viwango vya asubuhi vya homoni hiyo kwa watoto vilikuwa vya juu zaidi. Utafiti huo hausemi nani alianza kumchosha mwenzake. Unasema kwamba msongo hauishii kwa mtu mmoja, na kwamba serikali inayotaka watoto watulivu haina budi kuwatunza walimu wao.

Kwa nini wengine husimama?

Hapa ndipo penye swali lililotufanya tuandae makala haya. Vibanda viwili vimepakana, ukatili ni uleule, njaa ni ileile. Mtoto mmoja anazama, mwingine anafika chuo kikuu. Kwa nini?

Mwanasaikolojia Emmy Werner alilifuata swali hilo katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia katika mazingira magumu kabisa, takribani mmoja kati ya watatu alikua na kuwa mtu mwenye uwezo, kujiamini na huruma. Waliosimama walikuwa na mambo yanayofanana, na mojawapo lilijirudia sana. Kila mmoja alikuwa amepata angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuchoka. Mara nyingi alikuwa bibi, jirani au mwalimu.

Nchini Afrika Kusini kwenyewe, Profesa Liesel Ebersöhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria ameongeza jambo ambalo Mwafrika atalitambua mara moja. Vitabu vya Magharibi vimezoea kusema kwamba kiumbe akitishwa hupigana au hukimbia. Ebersöhn, ambaye tangu mwaka 2003 amefanya kazi na walimu wa shule maskini, aliona jambo la tatu: hukusanyika. Walimu waliokosa kila kitu walikusanya walichonacho. Wakalima bustani za mboga uwanjani, wakatafuta wazazi wa kuwapikia watoto, wakagawana kazi ya kuwasikiliza waliofiwa. Kwetu tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ustahimilivu, kwa mtazamo huo, si misuli ya mtu mmoja. Ni kamba inayosokotwa na wengi.

Yanayowezekana

Msikilizaji, huenda unajiuliza: wataalamu wenyewe wako wapi? Jibu ni kwamba hawatoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya Waafrika Kusini wenye kuhitaji huduma ya afya ya akili hawaipati, na kwamba asilimia 5 hivi tu ya bajeti ya afya ya umma huelekezwa huko. Jimbo la Gauteng, ambamo Diepsloot imo, lina kovu lake pia. Mwaka 2016, wagonjwa wa akili walihamishwa kutoka vituo vya Life Esidimeni na kupelekwa katika mashirika yasiyo na uwezo, na 144 kati yao wakafariki dunia. Familia nyingi zilijifunza kutokuamini.

Lakini Afrika imeanza kutafuta njia zake. Mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki. Akina mama watu wazima, wasio madaktari, walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kupanga matatizo yake moja baada ya jingine. Hawakuanza na neno la kigeni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kwamba fulani ana mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukihusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma za kawaida.

Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake walianzia Kibera na mpango wenye jina la Kiswahili, Shamiri. Vijana waliomaliza sekondari hukutana na wanafunzi saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Hawataji ugonjwa. Wanazungumza juu ya akili inavyoweza kukua kwa mazoezi, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya wanafunzi 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi. Waliopata masomo hayo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu, na nafuu hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye.

Katika wilaya ya Luwero nchini Uganda, shirika la Raising Voices lilishirikiana na shule za msingi kubadili desturi ya shule nzima: walimu, wanafunzi na uongozi pamoja. Utafiti wa shule 42, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba asilimia 31 ya wanafunzi katika shule za mpango walisema wamepigwa na mwalimu wiki iliyotangulia, wakati katika shule nyingine walikuwa asilimia 49. Bado ni wengi. Lakini waliopungua ni watoto halisi wenye migongo halisi.

Diepsloot nayo haikukaa kusubiri. Shirika la South African Depression and Anxiety Group, lililoanzishwa mwaka 1994, liliweka mtaani humo kontena lililogeuzwa kuwa chumba cha ushauri nasaha. Shirika la Lawyers against Abuse limekuwa likiwapa manusura wa ukatili wakili na mshauri wa nafsi chini ya paa moja, kwa sababu mtu aliyebakwa hawezi kusimama kizimbani kama nafsi yake haijasimama kwanza. Na mtaala wa taifa una somo la stadi za maisha ambalo ni la lazima hadi darasa la mwisho. Saa za kuzungumza, kwa hiyo, zipo kwenye ratiba. Linalotakiwa ni mwalimu aliyefundishwa kuzitumia, na mtu wa kumsikiliza mwalimu huyo.

Saikolojia isigeuzwe kisingizio

Hata hivyo, lazima tuseme ukweli mmoja. Kumfundisha mtoto kupumua polepole ni jambo jema. Kumfundisha hivyo huku njia ya kwenda chooni usiku haina taa ni nusu ya kazi. Hofu ya mtoto wa Diepsloot si ndoto ya akili yake, mara nyingi ni kipimo sahihi cha hatari iliyopo. Taa za barabarani, polisi wanaofika wanapoitwa, chakula cha shuleni na darasa lisilofurika ni dawa za akili, ingawa haziuzwi katika duka la dawa.

Wala tusiwasifu mno wanaostahimili hadi tukasahau kuuliza kwa nini wamelazimika kustahimili.

Ufanye nini wewe msikilizaji?

WHO inasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili hujitokeza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Maana yake, mengi huanzia mbele ya macho ya mzazi na mwalimu.

Ukiwa mwalimu, chunguza mabadiliko kuliko makosa. Mtoto aliyekuwa mcheshi na sasa yu kimya, aliyekuwa na rafiki na sasa yu peke yake, anayelala darasani, anayeumwa tumbo kila Jumatatu, anayesema bora nisingekuwapo. Muulize faraghani, kwa upole. Badala ya kumuuliza una nini wewe, muulize nini kimekupata. Maswali hayo mawili yanakaribiana, ila la kwanza humshitaki na la pili humkaribisha. Akikueleza, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza; maisha yakiwa hatarini, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Ukiwa mkuu wa shule, mpe mwalimu wako saa moja ya kusikilizwa na mwenzake, na jambo moja analoweza kuliamua mwenyewe. Na ukiwa mzazi, ufahamu kwamba kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha si kumtangaza kuwa mwendawazimu.

Turudi kwa yule mvulana aliyepiga teke kiti. Amesimama nje, kando ya ukuta, moyo ukimdunda. Anaangalia lango la shule, kisha anaangalia mlango wa darasa. Kama atatokea mtu mzima mmoja na kumwuliza nini kimekupata, huenda akarudi kuketi. Kama hatatokea, lango liko wazi.